Mwenye Maradhi na Mwenye Habari

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu jambo ambalo aghalabu husemwa kwa sauti ya chini majumbani mwetu, nalo ni maradhi ya saratani. Lakini sitasema habari za dawa zake wala za mitambo yake, maana hizo zina wajuzi wake, bali nitasema juu ya maneno yanayopita, na yale yanayozuiwa yasipite, baina ya tabibu anayetibu na mtu anayeugua. Dawa huagizwa ng'ambo kwa fedha nyingi, na mtambo ukiharibika fundi hungojwa; maneno hayaagizwi popote, na pamoja na hayo katika vyumba vingi vya matibabu ndiyo yaliyo haba kuliko vyote.

Jaalia mama wa makamo, mkulima wa Rufiji, ambaye kwa miezi mingi ametokwa na damu isiyo na wakati, akaenda zahanati, akapelekwa hospitali ya wilaya, akakatwa kinyama kikapelekwa maabara, na mwisho akaandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya mjini. Siku ya majibu anaingia chumbani kwa daktari pamoja na mwanawe wa kiume na shemeji yake. Viti vya wageni ni viwili, vimekaliwa na wanaume, naye ameegemea kitanda cha kupimia, khanga ameikaza kifuani na kadi yake ya hospitali ameishika kwa mikono miwili. Daktari ni kijana mwenye adabu, anamwamkia, "Shikamoo, mama," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha kijana yule anafungua jalada, anasoma, ananyamaza kidogo, anamgeukia shemeji na kusema, "Mzee, naomba tuzungumze kidogo. Mama atusubiri hapo nje." Mama anatoka, anakaa kwenye benchi. Wanaume wanapotoka, mwana macho yamemwiva, na shemeji anasema kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, "Ni uvimbe tu, shemeji; utachomwa mionzi, utapona." Tangu saa hiyo ukoo mzima, hadi binamu aliye Tunduru, una habari ya mwili wa mama yule, na asiyekuwa nayo ni yeye mwenye mwili.

Sitaki mtu adhani kwamba nawashitaki watu hawa kwa ukatili, kwa maana katika chumba kile hakuwamo mkatili hata mmoja. Mwana anampenda mamake. Shemeji ameuza mbuzi wake kulipa nauli. Daktari naye anaona haya kumtajia mauti mtu ambaye dakika moja iliyopita amempa shikamoo. Wote watatu wanaamini kwamba jina la maradhi likitamkwa mbele ya mgonjwa litamvunja moyo, na moyo ukivunjika mwili haukawii kuufuata. Imani hii si ya Waswahili peke yao, wala si ya watu wasiosoma. Mwaka 1961 tabibu Donald Oken alichapisha majibu ya madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago, Marekani, na katika kila 100 wao, 90 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 watafiti wa Rochester, katika jimbo la New York, walichapisha majibu ya madaktari wa huko kwa maswali yale yale, na safari hii 97 katika kila 100 walipendelea kumwambia. Baina ya uchunguzi wa kwanza na wa pili ni miaka 18 tu, na katika miaka hiyo mioyo ya Wamarekani haikugeuka kuwa ya chuma. Bali matibabu yalizidi kuwa mengi, na mengi yakahitaji ridhaa ya mgonjwa, Elisabeth Kübler-Ross akatoa mwaka 1969 kitabu chake kilichotokana na kuketi na wagonjwa mahututi na kuwasikiliza, na wagonjwa wenyewe wakaanza kudai haki ya kujua. Nayataja haya ili tusiikubali haraka kauli ya kwamba kumficha mgonjwa ni mila yetu na kumwambia ni mila ya Wazungu. Wazungu nao walificha, tena juzi juzi tu.

Ajabu ya kuficha huku ni kwamba hakufichi. Mgonjwa huona wageni wakizidi, huona mwana aliyekuwa mkaidi akisema naye kwa upole usio wa kawaida, husikia mazungumzo yakikatika anapoingia, na katika wodi hukutana na wenzake wenye kadi kama yake, ambao mmoja wao hatakosa kumwuliza, "Na wewe yako ni ya wapi?" Akiisha kujua, mara nyingi naye hunyamaza, kwa kuwa hataki kuwaumiza wale wanaojitaabisha kumficha, basi nyumba inakuwa na pande mbili zinazolindana kwa ukimya, huku mambo yanayopasa kusemwa yakikaa bila kusemwa: deni la duka lisiloandikwa popote, shamba ambalo mipaka yake anaijua yeye peke yake, mtoto wa nje ambaye haki yake itapotea asipotajwa, wasia, msamaha kwa ndugu aliyegombana naye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walimkusudia mgonjwa anayejificha. Sidhani kama walimfikiria mgonjwa anayefichwa na watu wake.

Yako pia madhara yaliyo karibu zaidi na tiba yenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa wanawake wa Tanzania ndiyo inayoongoza, hutibiwa sana kwa mionzi, na mionzi ya nje kwa kawaida huchukua wiki tano hivi, siku tano kila wiki; maana yake mtu aliyetoka Rufiji au Lindi kwenda Ocean Road, katika lile jengo la kale la ufukweni walilolijenga Wadachi mwishoni mwa karne ya 19 na ambalo kwa sheria ya mwaka 1996 limekuwa makao ya taasisi ya saratani, sharti akae Dar es Salaam zaidi ya mwezi, mbali na shamba lake na wajukuu wake. Katikati ya wiki hizo huanza kuhara, mkojo huchoma, na uchovu humwelemea. Aliyeelezwa tangu mwanzo kwamba hayo yatakuja, na kwamba yanavumiliwa kwa sababu adui anayepigwa ni mkubwa, huweza kuyastahimili. Lakini aliyeambiwa kwamba ana uvimbe tu, kwa nini astahimili? Hufunga khanga zake akarudi kijijini, akasimulia kwamba alikwenda mjini mzima akachomwa na mashine hadi akawa mahututi, na simulizi hiyo huwazuia wengine kumi wasiende. Mara nyingi tunasema wagonjwa wetu huchelewa kufika kwa ujinga. Laiti tungepima ni wangapi walicheleweshwa na masimulizi ya mgonjwa mmoja aliyetibiwa bila ya kuelezwa.

Basi daktari aseme vipi? Hapa ndipo penye uzito, na kwa kweli nawahurumia madaktari wetu, maana wengi wao walifundishwa mishipa na chembechembe kwa miaka mingi, na namna ya kumwambia mtu habari mbaya walijifunza kwa kumtazama bosi wao akifanya haraka. Mwaka 2000 Walter Baile wa Houston na Robert Buckman wa Toronto, pamoja na wenzao, walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari nzito kwa mgonjwa wa saratani, utaratibu ambao sasa hufundishwa katika vyuo vingi duniani. Sitazihesabu zote. Nataka niishike ile ya tatu, ambayo ni kumwuliza mgonjwa, kabla ya kumwambia neno, ni kiasi gani angependa kujua. Nilipoisoma nilijiambia kwamba hili kwetu si geni, maana hakuna Mswahili aingiaye nyumba ya mtu bila kubisha hodi, na mwenye nyumba ana hiari ya kusema karibu, au ngoja kidogo, au leo siwezi kupokea wageni. Habari nzito nayo na ibishe hodi. Kijana yule aliyempa mama shikamoo hana haja ya kuivunja heshima ile ili aseme kweli. Heshima yenyewe inampa njia. Amkalishe mama kwenye kiti, yeye naye akae, afunge mlango, aseme, "Mama, majibu yako yamefika. Wako wanaopenda niwaeleze kila kitu, na wako wanaopenda nizungumze na watu wao. Wewe mwenyewe unapendaje?"

Wengine watajibu, "Zungumza na mwanangu, mimi moyo wangu mdogo." Jibu hilo ni halali, na daktari mwenye insafu hatamlazimisha, lakini tofauti ni kubwa baina ya mtu aliyetoa idhini yake kwa kinywa chake na mtu aliyetolewa nje akakae kwenye benchi. Habari ya mwili wa mtu ni amana; anayeishika, awe tabibu au mtoto wa kuzaa, hana ruhusa ya kuigawa kabla mwenyewe hajaipewa au hajaikataa. Na aliyekataa leo aulizwe tena mwezi ujao, kwa sababu moyo wa mgonjwa haukai mahali pamoja.

Kusema kweli, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na nusu nyepesi. Mwaka 2012 Jane Weeks wa Boston na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,193 wa Marekani wenye saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa, wote wakiwa wamepewa tibakemikali, dawa ambazo kwa hali yao huweza kurefusha maisha na kupunguza adha lakini hazitazamiwi kuponya. Kwa wale wa mapafu, 69 katika kila 100 hawakuonyesha kulielewa hilo. Kwa wale wa utumbo, 81. Lililonishangaza si hesabu hiyo, bali jambo jingine waliloliona: wagonjwa waliowasifu madaktari wao kwamba wanazungumza nao vizuri sana ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameelewa vibaya. Tafsiri yangu, nami naitoa kama mtu wa nje ya fani, ni kwamba aliyetuachia tumaini lisilo na mipaka tunamwita mpole, na aliyetuelekeza penye ukweli tunamwita mkavu. Upole ni sifa njema, lakini hautoshi kuwa kipimo cha mazungumzo.

Kwetu liko pia swali moja dogo linalopoteza mengi, nalo ni lile ambalo daktari humalizia nalo: "Umeelewa, mama?" Sijapata kumwona mama wa Kiswahili aliyejibu hapana. Atasema, "Ndiyo, daktari, nimeelewa, Mungu akubariki," kwa sababu kusema hakuelewa ni kumwambia mtu aliyesoma kwamba hakueleza vema, na hilo ni utovu wa adabu. Badala yake daktari aulize, "Mama, ukifika nyumbani leo wakikuuliza daktari amesemaje, utawaambia nini?" Swali hili halimwaibishi mtu, maana kila mtu anajua kwamba nyumbani ataulizwa, na katika majibu yake daktari atasikia mwenyewe kilichoingia na kilichoanguka njiani. Akisema, "Nitawaambia nimepewa dripu sita, zikiisha nimepona," basi daktari amejua kazi yake haijaisha, na ni heri aijue leo kuliko aijue baada ya dripu ya sita.

Nimewaelemea madaktari, sasa niseme la wagonjwa, maana nao huficha. Daktari huanza, "Hujambo, mama?" naye hujibu, "Sijambo," ilhali usiku kucha hakulala kwa maumivu ya kiuno. Wanawake wetu hasa wamefundwa tangu unyago kwamba kulia ni aibu na kuvumilia ni utu, na mafunzo hayo, mema katika mambo mengi, huwa mabaya mbele ya mtu mwenye dawa ya maumivu mkononi. Wako wauguzi wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa adha, waliopata hila njema: humwambia mgonjwa anyooshe mkono mmoja, aonyeshe kwa vidole, ngumi ikiwa na maana ya kwamba hakuna maumivu, na vidole vitano vikiwa maumivu yasiyostahimilika. Nimemwona bibi mmoja aliyesema hajambo mara tatu akiulizwa kwa mdomo, na alipoambiwa aonyeshe mkono akanyanyua vidole vinne bila kusita. Jirani zetu wa Uganda, tangu Dk. Anne Merriman aanzishe hospisi yake Kampala mwaka 1993, wamewanywesha wagonjwa mofini ya maji majumbani mwao kwa gharama ndogo; lakini mofini, iwe rahisi kiasi gani, haimfai mtu asiyesema kwamba anaumwa.

Na lingine wanaloficha ni dawa za kienyeji. Mwaka 2011, watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mizizi ya Mchungaji Ambilikile Mwasapila, walikuwamo wagonjwa wa kila namna, na saratani ilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyotajwa; nani kati yao aliyemuaga daktari wake? Mgonjwa anajua kwamba akitaja mizizi atakaripiwa, basi haitaji, na daktari anabaki akishangaa ini linaharibika kwa nini. Kuuliza pasipo kukaripia kungeokoa zaidi kuliko karipio lote lililokwisha kutolewa.

Madaktari watanijibu kwamba foleni ni ndefu, wagonjwa wamejaa ukumbini tangu alfajiri, na mimi nazungumzia viti na vidole. Nawakubalia foleni. Lakini mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kawaida ya madaktari wa tiba ya ndani, wakaona kwamba kwa wastani mgonjwa hukatizwa baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza kilichomleta. Na wale walioachwa wamalize, hakuna aliyezidi sekunde 150. Ni dakika mbili na nusu, chini ya muda unaotumika kulitafuta jalada lililopotea.

Limebaki swali ambalo kila daktari wa saratani huliogopa: nimebakiza muda gani? Stephen Jay Gould, mtaalamu wa viumbe vya kale wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliambiwa mwaka 1982 kwamba ana saratani adimu ya utando wa tumbo. Alipomwomba daktari wake amtajie maandishi ya kusoma, akaambiwa kwamba hakuna cha maana. Akaenda maktaba mwenyewe, akakuta imeandikwa kwamba nusu ya wagonjwa hufa ndani ya miezi minane. Alipigwa na butwaa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu, akakumbuka kwamba ikiwa nusu hufa ndani ya miezi minane basi nusu nyingine huishi zaidi, na hakuna mpaka uliowekwa wa zaidi hiyo. Aliishi miaka 20, akafa mwaka 2002 kwa saratani nyingine. Si kila mgonjwa ni Gould, na wengi wa wale wenye maradhi yaliyosambaa hawatapata miaka 20. Lakini kisa chake kinaonyesha ubaya wa namba iliyotupwa bila maelezo, na ubaya wa kunyimwa namba vilevile. Huku kwetu daktari hujikinga kwa kusema, "Hayo ni ya Mungu." Ni kweli, tena ni imani yetu sote, ila mwenye shamba la kugawa na binti wa kuoza anahitaji neno moja zaidi. Aambiwe, "Siku aijuaye ni Mungu, lakini kwa hali ninazoziona, tunazungumza juu ya miezi, si juu ya miaka mingi, na likiwako jambo unalotaka kulitengeneza, ni vema ulitengeneze sasa." Neno hilo halimwui mtu. Nimewaona waliolipokea wakalia, wakafuta machozi, wakaita watoto wao, wakaanza kupanga.

Muda wangu hewani unakwisha, basi wa mwisho kuwaomba ni ninyi ndugu wa wagonjwa, ambao juma hili mtapanda basi na mama, baba, au dada kwenda kliniki. Nendeni na daftari, mwandike atakayosema daktari, maana mtu aliyeshtuka hasikii nusu ya maneno. Mkiambiwa mgonjwa asubiri nje, semeni kwa adabu kwamba mngependa aulizwe mwenyewe kwanza. Na kiti kilicho karibu na meza ya daktari mwachieni yeye.